Mawese Kwenye Chano

Mawese yakichemka jikoni kwangu, majirani hunyoosha shingo juu ya uzio na kuuliza leo kuna mboga gani. Mimi hupandwa na hasira. Harufu ile nzito inapoanza kutoka chunguni, kabla hata kitunguu hakijatiwa, narudi Rusenga bila kupenda, na Rusenga ni mahali nisipopataka hata ndotoni. Jina langu Anje, naishi Kasulu sasa, nimevuka miaka sitini, nina meno yangu karibu yote na hasira zangu zote. Basi nikisema nawasimulieni habari za mji wa dhahabu, msikae mkao wa kusikia utajiri. Wa kuwasimulia utajiri wapo wengi, na wengi wao ni waongo.

Chungu changu cha mawese kina kifuniko kinachowashangaza wageni. Ni kipande cha mti wa mninga, nusu duara, juu ni laini kwa kushikwa miaka mingi, ubavuni kina makovu ya shoka. Wanangu wameshaninunulia vifuniko vya bati vitatu. Nimevipokea, nikashukuru, nikavigawa. Kipande kile kina mwenyewe, na mwenyewe yu hai, analala chumba cha nyuma na kulalamika kwamba chai yangu haina majani ya kutosha. Mwenyewe ni mama yangu.

Mama alizaliwa pande za Nyabibuye, karibu na mpaka wa Burundi, akaolewa Nyakitonto. Nikiwa bado nanyonya, baba alifuata kazi ya mkonge huko Tanga, kama walivyofanya wanaume wengi wa Buha, akapotelea hukohuko, hata salamu hakuleta. Watu wa kwao walimvumilia mama mavuno mawili, kisha wakamwambia kwamba shamba lina wenyewe. Akarudi kwa kaka yake. Wifi yake akamwambia nyumba imejaa, na nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu na mbuzi wawili. Tangu hapo mama akawa na msemo wake, anausema huku akicheka kwa pua: "Aliyefukuzwa mara mbili njia anaijua."

Akanibeba mgongoni, akaenda kujenga kibanda kwenye kona ya kijito cha Rusenga, mwendo wa nusu siku kutoka Nyabibuye. Mahali pale hapakuwa na mtu kwa sababu hapakuwa na sababu. Mawe matupu, mbung'o wanauma hata juu ya nguo, na muhogo unatoa mizizi ya ukubwa wa vidole. Lakini mama alipapenda. Alisimama mlangoni asubuhi, mikono kiunoni, akasema, "Hapa hanifukuzi mtu." Alikuwa akisema hivyo kila asubuhi, kama wengine wanavyosali.

Katika vitu alivyorudi navyo kulikuwa na chano, sinia la mti alilochonga babu yake, la kuwekea ugali wa wageni. Siku moja akapita mwanamume aitwaye Bugwa, amevaa kofia ngumu ya mgodini isiyo na taa. Alikuwa amefanya kazi migodini huko upande wa ziwa kubwa, na kofia ile hakuivua hata alipokula. Aliomba maji, akanywa, akatazama mchanga wa kijito. Kisha akaomba chano. Akachota mchanga, akauzungusha na maji, akamwaga kidogokidogo, mpaka kwenye nyuzi za mti ukabaki mkia mwembamba wa njano. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu yake na niliuona. Mji wa Rusenga ulianzia kwenye chano chetu cha ugali, na hilo baadaye hakuna aliyetaka kulikumbuka.

Kabla mahindi ya msimu ule hayajabeba, watu walikuwa wamejaa. Walitoka Kibondo, Kasulu, Heru, wengine walivuka kutoka Burundi na mikeka kichwani, wakikimbia yaliyokuwa yakitokea kwao. Vibanda vya nyasi viliota ukingoni hata ukawa hujui mlango wa nani unafungukia kwa nani. Palikuwa na duka la chumvi na viberiti, hoteli ya makuti iliyouza chai ya rangi na maandazi magumu, redio moja iliyotundikwa mtini, na kanisa la nyasi ambalo mchana wa Jumapili liligeuka kilabu cha pombe ya ndizi. Unga wa dhahabu watu waliuhifadhi kwenye vikonyo vya manyoya ya kuku, wakaziba kwa nta. Kuku wa Rusenga walikuwa wanatembea bila mbawa, wamenyonyolewa na watoto, nami nikiwa mmoja wa hao watoto. Hiyo ndiyo picha ya pekee ya mji ule inayonichekesha mpaka leo.

Mengine hayachekeshi. Sisi Waha tuna salamu ndefu. Mtu atakuuliza ulivyoamka, walivyoamka wa nyumbani, na ng'ombe kama unao. Rusenga ulikuwa mji usio na salamu. Ukisema "Mwakeye," mtu anaitikia huku anatazama mikono yako, umeshika nini. Walichimba mashimo usiku kucha kuibiana mipaka. Walivuruga maji juu kwa makusudi ili wa chini asione mchanga wake. Na aliyechukiwa kuliko wote ni mama, kwa kosa la kuwa na chano. Makarai ya bati yaliuacha unga mwembamba uende na maji, lakini nyuzi za mninga zililishika kila vumbi. Mwanamke asiye na mume, amekaa kwenye kona nzuri kuliko zote, anaondoka kila jioni na kikonyo kilichojaa! Mama Yuditha, mke wa Bugwa, alikuwa anamwekea miiba mahali pa kukanyaga. Mama anaitoa, anaitupa, anaanza kazi. Nikimwuliza kwa nini hasemi, ananijibu yaleyale: "Niseme ili iweje? Hapa hanifukuzi mtu."

Kiangazi cha mwaka wa pili chano kikaanza kupasuka. Ufa mdogo tu, ukucha unaingia, lakini mama aliupapasa siku nzima kama mtu anayepapasa jino bovu. Nami nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimemsikia mara nyingi akisimulia kwamba bibi yake alivipaka vyombo vya mti mawese ili visipasuke. Jumamosi mama alipokwenda sokoni Nyabibuye, nikachukua chungu chetu cha mawese, nikapaka chano ndani, nje, pembeni, nikakianika juani, kikanywa, nikapaka tena. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa upendo ule. Aliporudi kilikuwa kinang'aa, chekundu, kinanukia. Mama alikishika, akanitazama, akaniita mwananje, mwanangu, jina ambalo hakulitumia ovyo.

Jumatatu, mchoto wa tatu, kwenye chano kile kikabaki kipande cha dhahabu ukubwa wa punje ya harage. Punje! Rusenga ilikuwa haijawahi kuona punje, ilikuwa nchi ya unga. Watu waliacha mashimo. Vigelegele, misukumano, mtu mmoja akaangukia kijitoni na chepe lake. Bugwa alikishika chano, akakinusa, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Umepaka nini?"

Mama alinitupia jicho, jicho fupi. Kisha akasema, "Mimi nimepaka mawese tu."

Ole wao. Kufikia soko lililofuata, mawese yalikuwa hayapatikani Nyabibuye yote. Walipaka makarai, wakapaka mabeseni, wakapaka bakuli za enameli, waliochonga vyano vyao vipya wakavilowesha kama wanavyolowesha ngozi. Wengine walijipaka mikono mpaka viwiko. Bugwa aliipaka hata kofia. Mama Yuditha, aliyekuwa hajawahi kukanyaga kwetu, alikuja akakaa kabisa, akanywa uji wetu, akauliza umepaka mara ngapi. Mama akamwambia, mara moja. Alipotoka tu nikamsikia akiwaambia wenzake njiani, "Mwongo huyo, pakeni mara tatu."

Jioni ya siku ya pili baada ya ile punje, nilimkuta mama nyuma ya kibanda anakisugua chano ndani kwa majivu na majani ya msasa. Alisugua mpaka rangi yote nyekundu niliyoiweka ikatoka, mti ukabaki mkavu. Nikaanza kulia. Nikamwambia anaharibu kazi yangu. "Usiguse tena ndani ya chano changu," akasema, na hakuniita mwananje. "Ukitaka kupaka, paka mgongo." Nikapaka mgongo, kwa kinyongo, machozi yakidondokea humo humo. Kwa nje chano kiling'aa kama vya wengine. Nilimwona hana shukrani, na niliyabeba hayo kwa miaka.

Tangu hapo dhahabu ikaanza kuwakimbia watu. Mara ya kwanza walisema ni kiangazi, maji machache. Mvua zikanyesha, dhahabu haikuonekana. Kijito kikawa na utando mwekundu juu yake kutwa, na watu wakazidi kupaka, kwa sababu dawa isipofanya kazi huongezwa. Wakaanza kupigana. Mtu alimpasua ndugu yake kichwa kwa chepe kwa ajili ya mchanga uliokuwa mtupu. Hoteli ikafungwa, mwenye redio akaondoka nayo. Walioondoka waliondoka wakilaani, waliobaki walitafuta wa kumlaani. Na mama kila jioni bado alikuwa anarudi na kikonyo, si kimejaa, lakini kina kitu. Alikificha kwenye nywele, chini ya kilemba. Rusenga ilikuwa na macho hata ya kuona chini ya kilemba.

Neno likaanza kutembea. Murozi. Ndivyo mchawi anavyoitwa kwetu, na mtoto wa Buha hataki kulisikia hilo neno karibu na jina la mama yake. Wakasema aliwapa nusu ya dawa, nusu kabaki nayo. Wakasema mafuta yale aliyanenea maneno. Watoto niliokuwa nanyonyoa nao kuku wakaacha kunijibu.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wamevaa nguo zao za kanisani. Hilo ndilo sijalisamehe. Mbele alikuwa Bugwa na shoka, kofia kichwani, pembeni mkewe, na nyuma yao karibu kila mtu aliyekuwa amebaki. Mama alikuwa anamenya muhogo. Bugwa akamwambia atoe nusu ya pili ya dawa.

"Sina dawa," mama akasema.

"Sote tumepaka kama wewe. Kwa nini wewe unapata na sisi hatupati?"

Mama akaendelea kumenya. Mawe, mama wee! Ile sauti ya kisu kwenye muhogo naisikia hadi leo. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kusema ni mimi niliyepaka, wala mafuta sikuyanenea neno lolote, Mungu shahidi, nilipopaka nilikuwa naimba tu wimbo wa kuruka kamba. Nikasema, "Ni mi..." na vidole vya mama vikanibana ubavuni, vikapinda nyama kwa nguvu, nikapiga kelele badala ya kumaliza. Wao wakadhani nalia kwa woga.

Bugwa alikiweka chano juu ya jiwe akakipiga shoka. Hakikupasuka kwa pigo la kwanza wala la pili. Pigo la tatu kikagawanyika mahali pa ule ufa, na nusu moja wakaitia kwenye moto pamoja na kibanda chetu. Mama Yuditha alitema mate kwenye mihogo iliyomenywa. Mama akafunga kitenge, akaokota nusu iliyobaki, akanishika mkono. Mabonge ya udongo yalitupata migongoni mpaka tulipopita kanisa. Kule mbele, tulipokuwa peke yetu, nilingoja aseme msemo wake wa njia, lakini hakuusema. Tulitembea siku tatu hadi Kasulu.

Mji wenyewe haukumaliza masika mawili baada yetu. Tulisikia kwa wapita njia kwamba walitafuta mchawi wa pili, wa tatu, mpaka wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe. Kisha serikali ikaleta malori ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na waliokuwa wamebaki Rusenga walipakiwa na vyano vyao vyekundu. Nikiwa mtu mzima nilikwenda kupaona. Mashimo yamejaa maji ya kijani, kichuguu kimesimama lilipokuwa kanisa, na mchunga mbuzi mmoja aliniambia nitembee kwa uangalifu, mbuzi wake watatu wamezama humo. Hakujua kwamba paliwahi kuwa na mji. Nilicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Ndiyo, nilicheka, na sioni haya.

Nilikua nikimpigania mama yangu. Shuleni nilimng'ata msichana aliyesema kwamba sisi tulifukuzwa. Nilimwona mama kama wale kuku wetu, mnyonge aliyenyonyolewa bila kosa, na kila mtu wa Rusenga nilimchukia kwa jina, wengine kwa majina mawili.

Mwaka jana mwanangu Joeli, ambaye huosha dhahabu huko upande wa ziwa, alikuja kwa Krismasi akiwa na karai lake. Nikiwa napika nikalishika nilisogeze, akapiga kelele kama nimeshika mtoto mchanga. "Mama, acha! Mikono yako ina mawese." Akaliosha kwa sabuni ya unga mara mbili, huku ananieleza kama mwalimu: dhahabu nyembamba ikiguswa na mafuta haizami, inaelea juu ya maji na kwenda zake. Kipande kikubwa kitazama tu, lakini unga wote unapotea. "Dhahabu na mafuta," akasema, "havipikiki chungu kimoja."

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu ya jiko. Nilihesabu yote kwa mpigo: kipande kilizama, unga ukaenda. Mji mzima ulikuwa umeelea kwenye mafuta niliyoyapaka mimi. Watu wale wabaya, wenye nguo zao za kanisani, walisema kwamba mafuta ya nyumba yetu ndiyo yaliyofukuza dhahabu, na ilikuwa kweli.

Nikaenda chumba cha nyuma. Mama alikuwa ameketi kitandani anachambua maharage kwa vidole, kwa sababu macho yamekwisha. Nikamweleza yote, nikilia, nikimwomba radhi kwa ile Jumamosi, kwa kona yake ya kijito, kwa kila kitu. Aliniacha nimalize. Kisha akatupa harage bovu pembeni.

"Siku ya pili tu niliiona," akasema. "Vumbi la njano limekaa juu ya maji, linakwenda."

"Ndiyo maana ukasugua."

"Nikasugua changu."

"Na wao?"

"Wao walikuja kuniuliza nimepaka nini. Hakuna aliyeniuliza nimefuta nini."

Nikamwambia kwamba angewaambia wasingetufukuza. Akasema kama angewaambia wangetaka kujua nani wa kwanza kupaka, na mtoto wa miaka minane angekuwa murozi kabla ya jua kuzama. Akachambua maharage mengine mawili matatu. "Na tena, Anje," akasema, "sikutaka."

Basi jamani, hapo ndipo nilipo. Miaka hamsini nimebeba chuki safi, chuki isiyo na doa, halafu mama yangu mwenyewe ananitilia mchanga ndani yake. Mimi ndiye niliyempokonya mahali pekee alipopapenda. Yeye ndiye aliyekaa kimya akatazama mji mzima unakwenda na maji, kila siku, huku anang'arisha mgongo wa chano ili wasishtuke. Wale waliotuwekea miiba walikuwa wabaya kweli, na bado nasema ni wabaya. Lakini kuku asiye na mbawa hakuwa yeye. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na nadhani alisikia kwamba sikusogea, wala sikulia tena.

Akaacha maharage. Akapapasa pembeni ya kitanda mpaka akapata kitenge chake, akakikunja magotini.

"Sasa umejua," akasema, bila mzaha hata kidogo. "Nifungashe?"

Nilirudi jikoni, nikapakua ugali na mboga, nikatia mawese ya kutosha, nikakifunika chungu na ile nusu ya chano. Nikampelekea sahani, nikamtoa kitenge magotini, nikakitundika pale kinapokaa siku zote.

"Kula, Mama," nikamwambia. "Hapa hakufukuzi mtu."